Siku Hamsini Baada ya Pasaka

Kabla hatujaanza, mwalimu na aandike ubaoni maneno manne: tumaini, ajabu, kovu, hamsini. Yasomeni pamoja kwa sauti. Kisha yaacheni hapo hapo, maana tutayahitaji yote.

Katika somo lililopita tulitazama jinsi Wakristo wa zamani walivyofunga Kwaresima. Leo twaendelea na habari za siku zinazofuata Pasaka. Watu wengi hudhani Pasaka ni Jumapili moja tu. Mbuzi huchinjwa, wali hupikwa, nguo mpya huvaliwa. Na ifikapo Jumanne jembe liko begani, na sikukuu imekwisha. Lakini Wakristo wa kwanza hawakuhesabu hivyo. Kwao Pasaka ilikuwa siku hamsini. Ndiyo maana siku ya mwisho huitwa Pentekoste, neno la Kiyunani lenye maana ya "ya hamsini". Wayahudi walikuwa na sikukuu siku hiyo hiyo tangu zamani, wakishukuru kwa mavuno ya ngano. Katikati yake, siku ya arobaini, ipo sikukuu ya Kupaa.

Je, siku hizo hamsini zilikaliwaje? Mwandishi mmoja Mwafrika atatusaidia. Jina lake ni Tertulliano, mtu wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi iitwayo sasa Tunisia. Yapata mwaka 200 aliandika kwamba tangu Pasaka mpaka Pentekoste Wakristo hawakufunga wala hawakupiga magoti katika sala. Walisimama. Mwaka 325 maaskofu walipokutana katika mji wa Nikea walitoa sheria ishirini, na ile ya mwisho kabisa ilihusu jambo hilo: siku za Jumapili na siku zote za Pentekoste, watu wote wasali wamesimama. Mtu aweza kucheka na kusema, maaskofu wamesafiri kutoka mbali, kwa bahari na kwa punda, kuja kuzungumza habari za magoti! Lakini jambo hilo halikuwa dogo. Anayetubu hupiga magoti, na anayeomba rehema hupiga magoti. Lakini katika siku hizi walitaka mwili wenyewe ukiri kwamba wamekwisha kuinuliwa. Shikeni neno hilo, kusimama, maana tutalikuta tena sokoni Unguja.

Jambo la pili lawahusu ninyi hasa, wanafunzi wa elimu ya watu wazima. Katika Kanisa la zamani wengi waliobatizwa walikuwa watu wazima, nao walisomeshwa kwanza, pengine miaka mitatu. Waliitwa wakatekumeni, yaani watu wanaofundishwa. Walibatizwa usiku wa kuamkia Pasaka, wakavikwa nguo nyeupe, wakazivaa juma zima. Na katika juma hilo walifundishwa tena. Huko Yerusalemu, katika karne ya nne, askofu aliwaeleza baada ya Pasaka maana ya mambo waliyokwisha kuyaona usiku ule: maji, mafuta, mkate. Mwanamke mmoja msafiri aitwaye Egeria, aliyefika Yerusalemu karibu na mwaka 381, ametuandikia kwamba wasikilizaji walishangilia kwa nguvu hata sauti zao zikasikika nje ya kanisa.

Angalieni utaratibu huo. Mtu aliona kwanza, akaelezwa baadaye. Sisi walimu hupenda kueleza kwanza, na mara nyingi twaeleza mpaka mwanafunzi asinzie. Wazee wale walijua kwamba ajabu haielezwi kabla ya kuonwa. Nanyi mwajua habari hiyo: siku mtu mzima anapoweza kwa mara ya kwanza kusoma jina lake mwenyewe katika karatasi, hakuna maelezo ya mwalimu yaliyomtayarisha kwa furaha ile. Huko Uganda, dini ilipoingia katika karne ya kumi na tisa, Wakristo waliitwa wasomaji. Kumfuata Kristo na kujifunza herufi vilikuwa karibu kitu kimoja.

Basi, sasa tutazame Injili zenyewe zasema nini juu ya siku zile. Mtu asomaye upesi hudhani kwamba Yesu alifufuka na watu wote wakafurahi mara moja. Sivyo. Mariamu Magdalena alimwona akadhani ni mtunza bustani. Wanawake walileta habari, na mitume wakaona ni maneno ya upuuzi. Tomaso alikataa kabisa mpaka aone kwa macho yake. Petro na wenzake walirudi katika kazi yao ya uvuvi, wakakesha usiku kucha bila kupata hata dagaa. Injili hazikuficha haya yote, nami naona ni jambo la kuzisifu.

Tena kuna wale wawili waliokuwa wakienda Emau, mwendo wa maili 7 hivi, yaani kilometa 11. Ninyi wa Mkata mwajua barabara. Mnakaa penye barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, na hapo hapo njia ya Handeni inachepuka. Mchana na usiku magari yapita, na wageni washuka msiowajua kwao wala waendako. Hata sisi tumezungumza na mgeni kituoni nusu saa tusiulizane majina. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale wawili. Mgeni aliwakuta njiani, wakatembea naye, wakamweleza huzuni yao, wasimtambue. Walimwambia kwamba walikuwa wamemtumaini Yesu kuwa ndiye atakayewakomboa watu wao. Mwalimu, onyesha ubaoni: "ninatumaini" na "nilitumaini". Silabi moja tu, "li", imebadilisha habari yote. Wale wawili walisema kwa wakati uliopita. Walikuwa wamekata tamaa.

Neno tumaini limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kutulia moyo, kuwa na amani. Tamaa pia ni neno la Kiarabu, lakini ni kutaka, kuvutwa na kitu. Kwa hiyo mtu aweza kukatwa tamaa yake na tumaini lake likabaki. Hao wa Emau walikatwa yote mawili, mpaka walipoketi mezani na mgeni akaumega mkate. Ndipo walipomtambua, naye akatoweka machoni pao. Usiku ule ule walirudi maili 7 gizani.

Na alipowatokea wengine, aliwaonyesha nini? Mikono na ubavu. Aliwaonyesha makovu. Mimi ningedhani mwili uliofufuka ungekuwa safi, bila alama ya msumari wala mkuki. Lakini Injili zasema alama zilikuwapo. Jambo hili halikusomwa kwa namna moja na watu wote duniani. Yuko aliyelisoma katika chumba chenye zulia, na yuko aliyelisoma huku shingo yake ina kovu la nira ya utumwa.

Hapo twafika katika historia yetu. Fungueni ukurasa mpya, mwandike mwaka 1873.

Mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 13 Aprili. Huko Unguja soko la watumwa lilikuwa wazi, na watu waliletwa kutoka bara, wengi kwa njia ya Kilwa, wakauzwa kama mbuzi. Waliketishwa chini kwa safu, wakasimamishwa wanunuzi walipotaka kuwatazama meno na misuli. Kusimama kwao kulikuwa kusimama kwa namna hiyo. Mapema mwaka huo mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alikuja kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara hiyo. Sultani alikataa, na Frere akaondoka mikono mitupu.

Tarehe 1 Mei, Wakristo wakiwa bado katika siku hamsini, David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa miaka mingi, akafa bila kuona mwisho wake. Waliouzika moyo wake chini ya mti na kuubeba mwili wake mpaka pwani walikuwa Waafrika: Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao. Chuma mwenyewe alikuwa ameokolewa utumwani alipokuwa kijana. Walitembea miezi mingi, zaidi ya kilometa 1,500, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Vitabu vingi vimemsifu Livingstone kurasa mia na hao kwa mstari mmoja, na hesabu hiyo si ya haki.

Pentekoste ya mwaka 1873 ilikuwa tarehe 1 Juni. Alhamisi ya juma lile lile, tarehe 5 Juni, Barghash alitia sahihi mkataba. Balozi John Kirk alikuwa amemwambia kwamba manowari za Kiingereza zitaifunga bandari. Masoko ya watumwa yakafungwa, na kusafirisha watumwa kwa bahari kukakatazwa. Livingstone alikuwa amekufa siku thelathini na tano tu kabla ya hapo, na Unguja hapakuwa na mtu aliyejua.

Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa katika kiwanja cha soko. Askofu Edward Steere wa misheni ya U.M.C.A. alisimamia kazi, na Noeli ya 1877 ibada ilisaliwa ndani. Kwa mapokeo, altare iliwekwa mahali palipokuwa na mti wa kuwafungia watumwa wakachapwa. Humo kanisani umo msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo. Kwa hiyo watu waliokuwa wameketishwa katika uwanja ule kama bidhaa, au watoto wao, walikuja kusimama pale pale katika sala za Pasaka. Sijui kama kuna mahali pengine Afrika ya Mashariki ambapo sheria ile ya Nikea ilipata maana kuliko hapo.

Lakini tusiseme uongo katika somo la historia. Ile tarehe 5 Juni haikumaliza utumwa. Njia ya bahari ilipozibwa, wafanya biashara waliwaongoza watumwa kwa miguu, kufuata pwani kutoka Kilwa kuelekea kaskazini hadi Pangani na mbele yake. Barghash alikataza njia hiyo pia mwaka 1876. Hali ya utumwa katika sheria iliondolewa Unguja mwaka 1897 tu, na Tanganyika mwaka 1922. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkataba alikuwa na miaka 49 utumwa ulipofutwa bara! Ndiyo sababu nasema waliotumaini mwaka 1873 walitumaini kama wale wa Emau, njiani, na giza lingalipo.

Baadhi ya watoto waliookolewa walisomeshwa Unguja, Kiungani na Mbweni. John Swedi, mmojawapo wa vijana watano ambao Sultani alimkabidhi Askofu Tozer mwaka 1864, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa, alipewa ukasisi mwaka 1890, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Majaliwa maana yake ni kile ambacho Mungu amemjalia mtu. Alirudi kufanya kazi kusini, kati ya watu wa kabila lake.

Na huku kwetu? Misheni iliingia Ubondei katika miaka ya 1860, huko Magila karibu na Muheza. Mahali hapo paliitwa Msalabani. Baadaye kazi ilienea, ikaingia Uzigua: Korogwe, Kideleko, Kwamkono. Huko Kwamkono masista walitunza wagonjwa. Hao ni wa shirika lililoanzishwa na Askofu Frank Weston mwaka 1911, nalo liliitwa la Mateso Matakatifu. Msalaba, Mateso: majina haya ni ya Ijumaa Kuu. Wakristo wa kwanza wa nchi hii walikuwa na sababu zao. Walijua Ijumaa kwa uzoefu. Jumapili walikuwa wakiisubiri.

Ijumaa ilirudi tena katika vita ya kwanza ya dunia. Wajeremani waliwashuku walimu na makasisi Waafrika wa U.M.C.A. kuwa ni marafiki wa Waingereza, wakawafunga. Samuel Sehoza, Mbondei, mmojawapo wa viongozi wa Kiafrika wa misheni hiyo, aliandika habari zake kwa Kiswahili, na kitabu kilitolewa mwaka 1921. Jina lake ni "Mwaka katika Minyororo". Baba zao waliwasimulia juu ya minyororo ya karavani. Wao wakavishwa minyororo ya serikali. Pasaka ya mwaka 1916 ilikuwa tarehe 23 Aprili, na katikati ya Juni, siku chache baada ya Pentekoste, majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Korogwe, kisha Handeni. Wajeremani wakarudi nyuma. Vijiji vilivyokuwa njiani vilichukuliwa chakula na pande zote mbili, na wapagazi walikufa kwa maelfu katika vita ile. Sehemu hiyo nayo yafaa ikumbukwe.

Niseme neno juu ya majira. Wamisionari walitoka nchi ambako Pasaka huja theluji inapoyeyuka na maua kutokeza. Nyimbo walizoleta zilijaa majira hayo, na Mzigua akaimba habari za baridi asiyoijua. Lakini huku Pasaka huangukia masika, kati ya mwisho wa Machi na Aprili. Mahindi ni machanga, ghala iko karibu tupu, palizi ni kali. Mvua za Handeni, kama mjuavyo, haziaminiki. Mwaka huu zaja, mwaka ujao zapita mbali. Kwa hiyo siku hamsini za furaha huangukia hasa siku za kungoja, wakati mkulima amekwisha kuitoa mbegu yake mkononi na bado hana cha kula. Nadhani majira yetu yafaa kwa sikukuu hii kuliko yale ya Ulaya.

Njaa ndiyo inayotuleta kwenye habari ya mwisho, nayo ni ya Uzigua wenyewe. Kiswahili cha zamani humwita mtu asiye na kitu mkata. Msikasirike, ndugu zangu wa Mkata. Katika miaka ya 1830 ukame mkubwa uliifanya nchi hii yote kuwa ya wakata. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, wengine wakajiweka rehani wenyewe na watoto wao, na wafanya biashara wakawapakia majahazini mpaka pwani ya Somalia. Wala si wageni peke yao waliouza. Wako Wazigua waliopata bunduki wakawauza majirani zao, na hilo nalo tuliandike.

Wale waliofikishwa Somalia walilimishwa. Baadaye wengi wao walitoroka, wakaingia msituni kandokando ya mto Juba. Kwa masimulizi yao, aliyewaongoza ni mwanamke aitwaye Wanakhucha, naye alitaka kuwarudisha kwao. Hawakufika. Walikaa pale Juba, wakalima, wakazaa, na lugha yao ya Kizigua hawakuiacha. Mjukuu akamfundisha mjukuu wake. Wengi wao walikuwa Waislamu, na si haki yetu kuwavika Pasaka isiyo yao. Lakini mtu akiuliza tumaini ni nini, sina mfano bora kuliko watu waliohifadhi lugha ya nyumbani zaidi ya miaka 150 bila kujua kama itapata tena mtu wa kuijibu.

Vita ilipowaka Somalia mwaka 1991 walikimbia. Wengine walishuka kwa vyombo vya baharini wakafika Tanga. Serikali iliwapa makao katika wilaya ya Handeni, kwanza Mkuyu, kisha Chogo, na kufikia mwaka 2014 zaidi ya elfu moja kati yao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Wenyeji walipowasikia wakizungumza walielewa. Maneno yalikuwa yale yale, ila ya Kisomali yalikuwa yameingia hapa na pale. Wageni waliotoka safarini walitambuliwa kwa maneno ya kinywani mwao, katika nchi ambamo babu za babu zao walitolewa na njaa.

Sasa kazi ya darasa. Kwanza, someni kwa zamu sura ya 24 ya Injili ya Luka; wanaosoma polepole waanze, na wenzao wasiwakatize. Pili, kila mmoja akifika nyumbani amwulize mzee wa ukoo: ni nani katika watu wetu aliyeondoka zamani, kwa njaa, kwa vita au kwa utumwa, asirudi? Mwandike jina lake katika daftari, kwa herufi kubwa mwanzoni. Kama jina limesahauliwa, andikeni alikokwenda. Mje na madaftari yenu Alhamisi saa kumi na moja jioni.